Bima ya tetemeko kwa nyumba ya California: nichukue 15%, 25% au niachane nayo?

Mhaya_wa_Hayward

Wakuu habari za Jumapili. Naomba mawazo, hasa kwa mlioko California na jimbo la Washington, na yeyote anayejua mambo ya bima kwa undani.

Mimi na mama watoto tumenunua nyumba Hayward, upande wa mashariki wa ghuba ya San Francisco. Ni ya mbao, ya mwaka 1952, vyumba vitatu, msingi wa kuinuliwa, yaani chini ya sakafu kuna uvungu ambao mtu anaweza kuingia kwa kutambaa. Kampuni iliyonikatia bima ya kawaida ya nyumba imeniletea barua ya bima ya tetemeko. Sheria ya hapa inawalazimu kukuletea hiyo ofa kila baada ya miaka miwili, na ukikaa kimya siku 30 inahesabika umekataa. Siku zinakwenda.

Bima yenyewe ni ya California Earthquake Authority, shirika la bima ya tetemeko lililoundwa na jimbo, wanaliita CEA. Jengo wameliwekea $460,000, sawasawa na bima yangu ya kawaida. Halafu kuna didaktibo, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla wao hawajaanza kulipa. Nimepewa nichague 15%, 20% au 25%. Kwa 15% nalipa kama $1,500 kwa mwaka, juu ya bima ya kawaida. Ukipiga hesabu, 15% ya 460,000 ni $69,000. Sasa nyumba ikipasuka kuta na dohani ikaanguka, hasara ya $50,000, napata nini? Sifuri!

Jamaa yangu wa Fremont alipewa mpaka 5%. Mimi kwa nini nimenyimwa? Na ufa wa Hayward, ule mpasuko wa ardhini unaoleta matetemeko, uko mwendo wa miguu kutoka kwangu, kwa hiyo msiniambie "usiogope".

Benki iliyonikopesha haidai bima hii, wanadai ya moto tu. Uamuzi ni wangu na mke wangu, na kila mmoja ana jibu lake.

kijana_wa_Temeke

$1,500 kila mwaka kwa kitu ambacho huo ufa haujakifanya tangu 1868? Mkuu, fungua akaunti, weka hiyo hela humo, ikitokea unajitengenezea mwenyewe. Hawa watu wa bima wanauza hofu.

Bi_Rukia_Oakland

Kijana, piga hesabu yako mpaka mwisho. $1,500 kwa miaka 20 ni $30,000. Riba iongeze, ifike 45,000. Hiyo haijengi hata nusu ya nyumba hapa, na tetemeko halijakuahidi kusubiri miaka 20. Linaweza kuja mwaka wa pili ukiwa na $3,000 kwenye akaunti.

Na hiyo 1868 unayoitaja ndiyo inayowanyima watu usingizi. Wanajiolojia wamechimba mitaro kwenye ule ufa wakakuta matetemeko makubwa ya nyuma yalipishana kwa wastani wa miaka 150 hivi. Jumlisha mwenyewe. Mwaka 2014 wataalamu wa USGS, shirika la jiolojia la Marekani, na wenzao walitoa makadirio kwamba eneo zima la ghuba lina nafasi ya 72% ya kupata tetemeko la ukubwa wa 6.7 au zaidi kabla ya mwaka 2043, na ufa wa Hayward pamoja na mwenzake Rodgers Creek ndio wanaobeba sehemu kubwa, 33%.

Nimekaa ofisi za madai ya bima California muda mrefu, kwa hiyo ngoja nimjibu mwenye uzi taratibu.

Kwanza la Fremont. Nyumba ya jamaa yako bila shaka ama ni ya baada ya 1980, ama imekaa juu ya jamvi la zege, ama imeshafungwa boliti kwenye msingi. Nyumba ya kabla ya 1980 yenye msingi wa kuinuliwa ambayo haijaimarishwa, CEA haiipi 5% wala 10%. Inaanzia 15%. Nyumba inayogharimu zaidi ya dola milioni moja kujenga upya nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo hujanyimwa kwa sura yako, umenyimwa kwa uvungu wako.

Pili, didaktibo. Watu wengi wanadhani lazima uende na $69,000 taslimu ndipo wakulipe. Hapana. Inakatwa kwenye malipo. Hasara ikiwa $300,000, wanatoa 69,000, unapewa 231,000. Hasara ikiwa 50,000 hupati kitu kwenye jengo, hapo uko sahihi. Bima hii haikutungwa kwa ajili ya nyufa za plasta. Ni ya siku ambayo nyumba imeteleza kutoka kwenye msingi na mkaguzi wa mji amebandika karatasi nyekundu mlangoni, kwamba msiingie.

Tatu, na hili mawakala wengi hawalisemi: soma kipengele cha gharama za kuishi nje wakati nyumba haikaliki. Hicho hakina didaktibo kabisa. Hata kama hasara ya jengo haikufika 15%, ikiwa hamwezi kulala humo, au serikali imeamuru mtaa uhame, wanalipa hoteli na kodi ya pango tangu mwanzo. Kiwango cha chini ni $1,500, ambacho kwa kodi za hapa familia yako itakimaliza wiki ya kwanza. Kipandishe. Kuongeza hapo hakuumizi sana ukilinganisha na kushusha didaktibo.

Mhaya_wa_Hayward

Bi Rukia shikamoo, na shukrani sana. Hiyo ya gharama za kuishi nje sikuiona kabisa, nilikuwa nimekodolea macho asilimia.

Na vitu vya ndani je? Wamenipa kuchagua kuanzia $5,000.

Bi_Rukia_Oakland

Marahaba mwanangu. Vitu vya ndani usijisumbue navyo sana, isipokuwa una mali ya maana kweli. Kwenye mkataba wa kawaida wa CEA, vitu vya ndani havilipwi mpaka hasara ya jengo ivuke didaktibo yake. Kuna mkataba mwingine unaoitwa Homeowners Choice ambao vitu vya ndani vina didaktibo yao peke yao. Lakini jiulize, makochi na runinga vikivunjika utafilisika? Hutafilisika. Weka $5,000 upite. Hela yako ipeleke kulinda kile ambacho ukikipoteza kitakurudisha nyuma miaka 20.

Angalia pia kama nyumba ina matofali ya urembo ukutani kwa nje. Hayo CEA hawayalipi mpaka uyaongeze kwa hiari. Uzio, bwawa na gereji iliyojitenga, sahau. Gari ni bima ya gari, ile pana. Mafuriko ya tsunami ni bima ya mafuriko.

Lakini moto! Moto unaowaka kwa sababu ya tetemeko, bomba la gesi limekatika nyumba ikaungua, California unalipwa na bima yako ya kawaida, hata kama huna ya tetemeko. San Francisco mwaka 1906 sehemu kubwa ya mji iliteketea kwa moto uliofuata. Kwa hiyo hiyo ya kawaida usiifanye ndogo ili kuokoa hela.

Mchumi_asiye_na_shahada

Naomba nipingane na Bi Rukia kwa heshima zote.

Mwenye uzi ametuambia amenunua juzi. Kama aliweka 5% au 10% tu ya bei kutoka mfukoni mwake, basi ndani ya hiyo nyumba cha kwake ni kidogo, nyingi ni ya benki. Sheria ya California inasema mkopo wa kununulia nyumba unayoishi, benki ikishaiuza nyumba haiwezi kukufuata kudai kilichobaki. Nyumba ikianguka, wape funguo. Sasa kwa nini alipe $1,500 kwa mwaka kuilinda benki?

Akishakuwa na chake cha maana humo, baada ya miaka 10, ndipo akate. Na kumbuka watu wengi wa California wenye nyumba hawana bima hii. Wote ni wajinga?

Bi_Rukia_Oakland

Hoja yako ina mguu, sikatai. Ila ina mashimo. Hiyo kinga ni ya mkopo wa kununulia. Siku atakapokopa upya na kutoa fedha mkononi, zile alizotoa hazina kinga. Pili, kurudisha funguo kunakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka saba, na mji mzima utakuwa unatafuta nyumba za kupanga wakati huo huo. Mwenye nyumba ataangalia nini? Hiyo rekodi. Tatu, Hayward kiwanja ndicho ghali, na kiwanja hakianguki. Ukirudisha funguo umeacha na ardhi pia.

Kuhusu "wote ni wajinga", wengi wanadhani serikali kuu itawajengea. Msaada wa FEMA, idara ya majanga ya serikali kuu, kwa nyumba una kikomo cha juu kama dola elfu 40 na kitu, na wengi wanapata chini ya hapo sana. Kinachobaki ni mkopo wa SBA, idara nyingine ya serikali kuu. Ni mkopo, utaulipa juu ya ule wa kwanza.

Mchumi_asiye_na_shahada

Hapo kwenye kiwanja umenipata. Lakini bado nasema aulizwe kwanza: aliweka kiasi gani?

Mhaya_wa_Hayward

20%, mkuu. Ndiyo akiba yetu yote ya tangu tulipofika nchi hii. Kwa hiyo kurudisha funguo siwezi hata kulitamka mbele ya mke wangu.

Mchumi_asiye_na_shahada

Basi kata bima, nimekaa.

Seattle_Mvua

Mimi niko Washington, huku hakuna CEA, tunanunua kampuni binafsi, na didaktibo mara nyingi ni 10% au 15%. Nyumba za matofali za zamani kampuni nyingi zinazikimbia kabisa. Tetemeko la Nisqually la Februari 2001 lilikuwa 6.8, kina chake kirefu ndicho kilichotuokoa. Na nje baharini kuna ufa mkubwa wa Cascadia, ambao mara ya mwisho ulipiga Januari 1700.

Ninachotaka kuongeza: California nako kuna kampuni binafsi, kama GeoVera na Palomar. Chukua bei zao uzilinganishe. Wakati mwingine wanatoa kinachokosekana CEA. Ila usilinganishe bei tu. Uliza kampuni ikifilisika nani analipa. CEA yenyewe haidhaminiwi na hazina ya jimbo, na haimo kwenye ule mfuko wa kuwafidia wateja wa kampuni zilizofilisika. Ina uwezo wa kulipa mabilioni mengi, lakini madai yakizidi uwezo wake inaruhusiwa kulipa kwa mgawo. Jambo hilo liwe kichwani unaposaini.

Bi_Rukia_Oakland

Kweli kabisa. CEA ilizaliwa 1996 kwa sababu hiyo hiyo ya uwezo. Tetemeko la Northridge la Januari 1994 lilizitoa kampuni za bima zaidi ya dola bilioni 12, zikaogopa, zikaanza kukataa hata kuuza bima za kawaida za nyumba, maana sheria inawalazimu wakiuza ya nyumba watoe na ya tetemeko. Jimbo likatafuta njia ya kuwatua huo mzigo.

Jingine, msisubiri mtikisiko. Tetemeko likishapiga kampuni hufunga dirisha, hawauzi bima mpya mpaka ardhi itulie. Na kwa wenye CEA, tetemeko kuu na mitetemo yake ndani ya saa 360, yaani siku 15, ni tukio moja, didaktibo moja.

Nshomile_Kashai

Nasoma uzi huu kutoka Bukoba na ninacheka kwa uchungu. Nyie mnabishana 15% au 20%. Huku Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu mchana, tetemeko la 5.9 lilipopita, nani mtaani kwetu alikuwa na bima? Watu 17 walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka, shule za Ihungo na Nyakato wanafunzi wakarudishwa makwao. Michango ilikuja, mahema, mabati, saruji. Hayati Magufuli alipokuja Januari 2017 akasema wazi serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Watu wakajijengea, wengi kwa matofali yale yale ya kuchoma na udongo katikati.

Swali langu kwa wajuzi: bima ya tetemeko hapa nyumbani ipo? Au ni ya wazungu na Mhaya mwenzangu aliyeko Hayward?

Wakala_Ilala

Ipo mkuu, tena wengi wanayo bila kujua. Tofauti na California, huku tetemeko mara nyingi halina mkataba wake. Linakuwa ndani ya bima ya moto na majanga yanayoambatana nayo, au ile ya nyumba kwa ujumla. Aliyekopa benki kwa kuweka nyumba dhamana, benki imemkatisha bima ya moto. Aitafute hiyo hati, asome orodha ya majanga. Kama neno tetemeko halimo, aombe liingizwe. Kenya ni hivyo hivyo, kwenye bima zao za nyumba tetemeko na mlipuko wa volkano huandikwa pamoja na moto na radi.

Mtego uko kwingine. Mikataba yetu mingi inataka nyumba ya tofali, jiwe au zege iliyoezekwa bati au vigae. Nyumba ya tope haimo. Na kuna kipengele cha uwiano: nyumba ya kujengwa kwa milioni 100 umeikatia bima ya milioni 60 ili ulipe kidogo, hasara ikitokea ya milioni 20 utalipwa 12, kwa sababu asilimia 40 umejiwekea bima mwenyewe. Watu wanakuja ofisini wanapiga kelele, lakini imeandikwa. Weka thamani ya kujenga leo, kwa bei ya saruji na nondo ya leo. Kiwanja usikihesabu.

Na ukate kwa kampuni au wakala mwenye leseni ya TIRA, mamlaka ya bima Tanzania, udai risiti.

Nshomile_Kashai

Ahsante. Nina nyumba ya tofali za saruji, nitaitafuta hiyo hati ya benki kesho. Ya mama kijijini ni ya tope, hiyo basi tena.

Wakala_Ilala

Ya mama, hela ambayo ungelipia bima peleka kwenye nguzo za pembeni na mkanda wa zege juu ya madirisha. Fundi yeyote mzuri wa Bukoba sasa anajua kuufunga.

Njeri_LA

Hamjambo nyote. Mimi ni mpangaji tu hapa Los Angeles, nyumba si yangu. Nina haja ya hii bima kweli?

Bi_Rukia_Oakland

Jengo ni shida ya mwenye nyumba, dada. Wewe unakatia vitu vyako na gharama za kuishi kwingine, na kwa mpangaji ni nafuu kuliko watu wanavyofikiri. Lakini uliza jambo moja kabla ya bima: hilo jengo ni la zamani, na ghorofa ya chini ni maegesho ya magari, jengo likiwa limesimama juu ya nguzo nyembamba? Majengo ya namna hiyo yaliua watu Northridge. Los Angeles ilipitisha sheria mwaka 2015 kuwalazimisha wenye nyumba wayaimarishe. Idara ya majengo ya mji itakuambia kama lako limeshafanyiwa.

Njeri_LA

Ni hivyo hasa, magari yako chini. Nitawapigia Jumatatu.

Mhaya_wa_Hayward

Mrejesho wakuu.

Nilimwita fundi aliyesajiliwa, akaingia uvunguni na tochi. Nyumba haijafungwa! Ule ubao wa chini umelala tu juu ya msingi wa zege, unashikiliwa na uzito wake, na zile kuta fupi kati ya msingi na sakafu hazina plaiwudi hata moja. Tangi la maji ya moto lina mkanda mmoja uliolegea. Akaniambia nyumba za namna yangu tetemeko likipiga kwa upande zinateleza, na ikishateleza gharama ni kama kujenga upya.

Kuna mpango unaitwa Earthquake Brace + Bolt unaotoa mpaka $3,000 kwa kazi hiyo, kwa nyumba za kabla ya 1980 kwenye maeneo waliyoyateua. Wanafungua maombi kwa muda, halafu wanachagua kwa bahati nasibu. Angalizo kwa wengine: usianze kazi kabla hujakubaliwa, ukianza umejitoa. Fundi kaniambia kazi yangu itazidi hiyo ruzuku, bei za huku mnazijua, lakini si kwa kiasi cha kutisha.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Bima nimechukua 15%, vitu vya ndani $5,000, gharama za kuishi nje nimepandisha hadi $25,000. Nimeomba ruzuku. Nyumba ikishafungwa, fundi anajaza fomu ya CEA, bei inashuka, punguzo linafika hadi 25% kwa nyumba za zamani, na mlango wa 10% unafunguka. Hapo nitapiga hesabu tena kama kushuka kutoka 15 kunalipa.

kijana_wa_Temeke

Sasa mkuu kama unaifunga nyumba boliti, bima ya nini tena? Si umeshamaliza?

Bi_Rukia_Oakland

Boliti zinaizuia isiteleze, kijana. Hazizuii kuta kupasuka, dohani kuanguka, wala ardhi kuhama. Ila ukiniuliza mwenye hela ya kimoja tu afanye kipi kwanza kwenye nyumba ya 1952, nitamwambia boliti, hata kama nimeishi kwa mshahara wa bima.

Mhaya, kabla hujasahau: piga picha kila chumba, na uvungu pia, kabla na baada ya kazi, uzihifadhi nje ya nyumba. Na mwambie wakala akague upya ile $460,000. Bima ya tetemeko inafuata kiasi cha bima ya kawaida, kikiwa kidogo kule, huku nako ni kidogo.

Mhaya_wa_Hayward

Nimemwandikia wakala sasa hivi. Kaniuliza ukubwa wa nyumba kwa futi za mraba na kama jiko limewahi kukarabatiwa. Limekarabatiwa, na kwenye hati yake bado limeandikwa la zamani.